Wapimaji wa Onahama

Kazi ya kupima mionzi ndani ya chakula huanza na kisu. Viazi vitamu vilivyoletwa kutoka shambani vinaoshwa mpaka maji yatoke safi, kwa sababu tope kidogo lililoganda kwenye ganda linaweza kubeba sesiamu yenye mionzi kwa wingi kuliko kiazi chenyewe. Vinafutwa vikauke, maana maji yana uzito na uzito huo utaingia kwenye hesabu. Mwenye navyo anaulizwa: nyumbani mnamenya au mnachemsha na maganda yake? Jibu lake ndilo linalofuatwa, kwani kinachotafutwa ni kile kitakachoingia tumboni. Kisha vinakatwakatwa vidogo vidogo, vipande vilingane, juu ya plastiki mpya, kwa kisu kilichosuguliwa baada ya sampuli iliyotangulia. Glavu nazo zinabadilishwa.

Vipande hivyo vinatiwa ndani ya chombo cha plastiki cha lita moja chenye umbo la ajabu. Kwa chini kina shimo pana lililoingia ndani, ili kikishushwa juu ya kitambuzi, kichwa cha kitambuzi kiingie katikati na chakula kikizunguke juu na pande zote. Wenye kazi hukiita kikombe cha Marinelli. Kukijaza kunataka mkono mzoefu. Ukiacha mianya ya hewa, ujazo unadanganya. Ukishindilia kupita kiasi, lita ileile inakuwa nzito mno, na hesabu ya mashine, iliyopangwa kwa ujazo na uzito fulani, inapotoka. Basi mpimaji hukigonga kikombe mezani, anaongeza, anagonga tena, anasawazisha hadi kwenye mstari, anakiweka kwenye mizani na kuandika gramu. Kikombe kinavishwa mfuko ili kisiichafue mashine, kisha kinashushwa ndani ya kasha la risasi lenye kuta nene. Mfuniko unavutwa. Halafu watu wanangoja.

Huko kungoja ndiko kulikonifanya niipende kazi hii.

Onahama ni bandari ya wavuvi katika mji wa Iwaki, mkoa wa Fukushima, Japani, kilomita 50 na ushei kusini mwa kituo cha nyuklia cha Fukushima Daiichi. Tarehe 11 Machi 2011 tetemeko la kipimo cha 9.0 liliivuta tsunami hadi pwani hiyo, umeme wa kupoza vinu ukakatika, na katika siku zilizofuata vinu vitatu viliyeyuka ndani. Upepo na mvua vikamwaga iodini-131, sesiamu-134 na sesiamu-137 bila kuuliza mpaka wa wilaya uko wapi. Iodini hupungua kwa nusu kila siku 8, kwa hiyo iliondoka kabla watu wengi hawajapata cha kuipimia. Sesiamu ilibaki. Novemba mwaka huohuo wakazi wa Iwaki, wengi wao akina mama wasio na elimu ya fizikia, wakafungua maabara yao na kuiita Tarachine. Hawakuwa na nadharia ya kuthibitisha. Walikuwa na watoto wa kulisha jioni ileile.

Serikali ilikuwa na kikomo chake. Mwanzoni kilikuwa bekereli 500 za sesiamu kwa kilo ya chakula. Kuanzia 1 Aprili 2012 kikashushwa hadi 100, na 50 kwa maziwa na vyakula vya watoto wachanga, na 10 kwa maji ya kunywa. (Bekereli moja ni kiini kimoja cha atomu kinachovunjika kila sekunde.) Tatizo la mama wa Iwaki ni kwamba 99 iko chini ya kikomo, na 2 nayo iko chini ya kikomo, na dukani zote mbili huandikwa kwa neno moja. Yeye alitaka namba. Akiipata namba, uamuzi atafanya mwenyewe.

Na kulikuwa na sababu ya kuitaka. Oktoba 2011 gavana wa mkoa alitangaza kuwa mchele wa Fukushima ni salama. Ukaguzi ulikuwa umefanyika, sampuli zilikuwa zimechukuliwa, karatasi zilikuwa zimekamilika. Mwezi uliofuata mkulima mmoja wa Onami, ndani ya jiji la Fukushima, akapeleka mchele wake kwenye ushirika wa wakulima upimwe. Ukakutwa na bekereli 630 kwa kilo. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kuwa mashamba ya namna ile yalipungukiwa na potasiamu. Mpunga wenye njaa ya potasiamu hunyonya sesiamu badala yake, kwa kuwa kikemia hizo mbili ni ndugu na mizizi haizitenganishi vizuri. Dawa ikawa mbolea ya potasi. Kuanzia mavuno ya 2012 mkoa ukaanza kupima kila mfuko wa mchele, mifuko ya kilo 30, zaidi ya milioni 10 kwa mwaka hapo mwanzoni. Mwaka wa kwanza 71 ilizidi kikomo, wa pili 28, wa tatu 2, na tangu mavuno ya 2015 hakuna. Nayataja haya kwa kuwa wapo wanaopenda kuwachora wapimaji wa kiraia kama wapinzani wa serikali basi. Pale Onami mkulima aliyetaka tu kujua aliisukuma serikali ipime kwa uangalifu kuliko serikali nyingine yoyote niijuayo.

Turudi kwenye kasha la risasi. Ndani yake kuna fuwele ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu kidogo. Mnururisho wa gama ukiipiga, fuwele hutoa mmweko hafifu, na kifaa kilicho nyuma yake huugeuza mmweko huo kuwa mpigo wa umeme. Mpigo mkubwa ni nishati kubwa. Kompyuta huipanga mipigo kulingana na ukubwa wake, na mchoro unaanza kuota kwenye kioo: kwanza nukta zilizotawanyika, kisha mteremko, kisha, kama kuna kitu, vilele. Sesiamu-137 husimama kwenye kiloelektronivolti 662. Sesiamu-134 ina vilele viwili vikubwa, 605 na 796. Mbali kulia, kwenye 1,461, kuna kilele cha potasiamu-40, ambayo imo ndani ya kila kiazi, ndizi na haragwe tangu kabla binadamu hajajua kulima. Imo ndani yetu pia, kiasi cha bekereli 4,000 katika mwili wa mtu mzima.

Mpimaji mgeni hushtuka akikiona kilele cha potasiamu. Mzoefu hukitafuta kwanza. Fuwele hii huathiriwa na joto. Chumba kikipata joto au baridi, mchoro mzima unasogea kushoto au kulia, na 662 ya leo si 662 ya jana. Nishati halisi ya potasiamu haibadiliki, kwa hiyo mpimaji huitumia kujua mashine yake imesogea kiasi gani, na kiyoyozi huachwa kikiwaka usiku kucha. Mara kwa mara kikombe cha maji safi hupimwa peke yake kwa muda mrefu, ili mionzi ya chumbani, inayotoka kwenye zege na ardhini, ijulikane na kuondolewa kwenye hesabu. Siku hiyo hakuna matokeo ya kumpa mtu. Maabara iko wazi, mashine inafanya kazi, na inapima maji.

Nadhani hapo ndipo watu wengi wangeacha. Wengi walidhani kifaa kidogo cha mkononi kinacholia kinatosha: unakipitisha juu ya mchele, kikikaa kimya unapika. Hakitoshi. Mchele wenye bekereli 100 kwa kilo hautakifanya kifaa hicho kibadilishe sauti, kwa sababu mionzi ya kawaida ya chumbani inaimeza ile ya mchele. Ndiyo maana kuna risasi, na ndiyo maana kuna saa.

Viini havivunjiki kwa mpangilio. Ni kama mvua ya rasharasha juu ya bati: ukisikiliza sekunde tatu unaweza kusikia tone moja au matano, na lolote utakalosema ni kubahatisha, ukisikiliza saa nzima unaijua mvua. Mipigo 100 ina shaka ya kama 10 juu au chini, yaani asilimia 10. Mipigo 10,000 ina shaka ya 100, yaani asilimia 1. Atakaye kupunguza shaka kwa nusu hana budi kungoja mara nne. Kwa hiyo mtu akileta uyoga akitaka kujua kama umezidi kikomo cha serikali, nusu saa inaweza kumtosha. Akileta uji wa mtoto wa miezi minane akitaka kujua kama una bekereli 2 au hauna kabisa, kikombe kitakaa ndani saa nyingi, na foleni itasubiri.

Sasa niseme habari ya bismuthi, kwani kwangu mimi hapo ndipo ufundi unapoonekana. Ardhini kuna gesi ya radoni, ya asili, iliyokuwepo kabla ya kinu chochote. Radoni ikivunjika huzaa risasi-214 na bismuthi-214, na hizo hunata kwenye vumbi na kushuka na mvua. Mboga ya majani iliyochumwa baada ya mvua huja nazo. Kilele kimojawapo cha bismuthi-214 kiko kwenye 609. Cha sesiamu-134, tumeona, kiko kwenye 605. Fuwele ya iodidi ya sodiamu huchora vilele vipana sana, zaidi ya kiloelektronivolti 40 kila kimoja, hivyo haiwezi kuvitenganisha viwili vilivyoachana kwa 4. Mashine itaandika bila aibu: sesiamu-134, bekereli kadhaa. Mkulima wa mboga ameharibikiwa, na hakuna sesiamu.

Mpimaji asiyeamini mashine peke yake hutazama mchoro wenyewe. Je, kuna kilele kwenye 796? Kama ni sesiamu-134 kweli, lazima kiwepo. Je, kuna kitu kwenye 352, alama ya risasi-214? Kama kipo, radoni imepita hapa. Je, sesiamu-137 iko wapi? Siku ya ajali sesiamu hizo mbili zilitoka kwa viwango vinavyokaribiana, lakini ya kwanza hupungua kwa nusu kila miaka 2 hivi na ya pili kila miaka 30. Kufikia Machi 2021 ile ya 134 ilikuwa imebaki kama asilimia 3.5 ya kiasi chake cha mwanzo, na ile ya 137 asilimia 79. Mwaka huo mashine ikikuambia 134 ni nyingi kuliko 137, ujue umedanganywa. Hatimaye kuna njia ambayo haihitaji hesabu hata kidogo: acha mboga ikae. Risasi-214 na bismuthi-214 hupungua kwa nusu ndani ya nusu saa. Pima tena baada ya saa nne au tano. Kama kilele kimetoweka, mkulima aende sokoni na mboga zake.

Wala mtego si huo mmoja. Uyoga mkavu umepoteza karibu maji yake yote, kwa hiyo namba yake kwa kilo inaweza kuwa mara kumi ya uyoga uleule ulipokuwa mbichi. Karatasi isiyosema ni mkavu au mbichi haifai kitu. Majani ya chai yana namba moja, chai iliyomiminwa kikombeni ina nyingine. Uyoga wa kilima hiki hausemi lolote kuhusu uyoga wa kilima cha ng'ambo, kwa sababu mvua ya Machi 2011 haikuanguka sawasawa.

Na jambo la mwisho katika ufundi huu ni namna ya kuandika kwamba hukuona kitu. Kwenye karatasi ya maabara makini hutakuta neno "hakuna". Utakuta kwamba sesiamu-137 haikutambuliwa, na kando yake kikomo cha kutambua, tuseme bekereli 1.8 kwa kilo, na muda wa kupima. Maana yake: kama ipo, iko chini ya 1.8, zaidi ya hapo sisi hatujui. Nimesoma ripoti nyingi za taasisi kubwa zisizo na adabu ya kiasi hicho.

Ufundi huu haukuanzia Japani. Mwaka 1986, baada ya ajali ya kinu cha Chernobyl, maofisa wa Ufaransa waliwahakikishia raia kwamba hakuna cha kuhofia; mwalimu wa biolojia wa mkoa wa Drôme, Michèle Rivasi, akashirikiana na wenzake kuanzisha CRIIRAD, maabara huru iliyopo Valence hadi leo. Watu wa CRIIRAD walikwenda Fukushima mwaka 2011 na mashine na ujuzi wao, wakawafundisha raia waliokuwa wanaanza. Huko Belarusi mwanafizikia Vasily Nesterenko, aliyekuwa mkurugenzi wa taasisi ya nyuklia ya taifa lake, alianzisha taasisi ya BELRAD mwaka 1990, na wakati mmoja vituo vya kupima vyakula vijijini vilifika 370.

Lakini kisa ninachokipenda zaidi ni cha Olmany, kijiji cha wilaya ya Stolin, kusini mwa Belarusi. Mradi uitwao ETHOS, wa kuwasaidia wakazi kupima wenyewe, ulifika hapo mwaka 1996, miaka kumi baada ya ajali. Ardhi ya huko ni ya kinamasi, na udongo wa namna hiyo huiachia sesiamu ipande kwenye majani kwa urahisi. Akina mama wakaanza kupima maziwa ya ng'ombe wao. Kijiji kimoja, mvua ileile ya 1986, lakini maziwa ya nyumba hii yalikuwa safi kuliko ya nyumba ile. Wakaulizana: ng'ombe wako anachungwa wapi? Majani ya kiangazi unakata wapi? Jibu lilikuwa malishoni, na malisho yanaweza kubadilishwa. Miaka yote hiyo walikuwa wameambiwa kwamba eneo lao limechafuka, kana kwamba eneo ni kitu kimoja. Kupima kuliligawa vipande, na baadhi ya vipande vilikuwa vizuri.

Huko Iwaki jambo la namna hiyo lilitokea baharini. Kuanzia 2013 kikundi cha raia kiitwacho Umilabo kilikodi boti, kikavua kwa ndoano jirani na kituo cha Fukushima Daiichi, na kupima samaki kwenye akwariamu ya Aquamarine Fukushima, palepale Onahama. Walishughulika hasa na hirame, samaki bapa wa jamii ya gayogayo anayekaa chini kwenye mchanga. Umri wa samaki husomwa kwenye vijiwe vya ndani ya kichwa chake. Ikaonekana kuwa hirame wazee, waliokuwa hai mwaka 2011, walikuwa na sesiamu. Waliozaliwa baadaye walikuwa na kidogo sana au haikutambuliwa. Samaki wa maji ya chumvi hutoa chumvi mwilini muda wote, na sesiamu hutoka nayo. Samaki wa mtoni huishikilia chumvi yake, na sesiamu ikabaki naye. Mvuvi akishaelewa hayo huweza kuzungumza na mnunuzi bila kuomba aaminiwe.

Habari si njema zote, na wapimaji hawazifichi zile mbaya. Uyoga wa porini, machipukizi ya miti ya milimani na nyama ya nguruwe mwitu bado huzidi kikomo katika sehemu nyingi. Mei 2023 samaki mmoja aliyevuliwa ndani ya bandari ya kituo hicho alikutwa na bekereli 18,000 kwa kilo, mara 180 ya kikomo. Huyo alipimwa na kampuni inayoendesha kituo hicho. Mwaka 2015 Tarachine iliongeza chumba cha kupima strontiamu-90 na tritiamu, ambazo fuwele haizioni kwa kuwa hazitoi gama. Strontiamu hutaka kemia ya siku nyingi: kuchoma sampuli iwe majivu, kuyeyusha kwa asidi, kutenganisha, kungoja, kuhesabu. Maabara za raia zinazothubutu hivyo ni chache mno duniani. Tangu 24 Agosti 2023, maji yaliyosafishwa lakini yenye tritiamu yalipoanza kumwagwa baharini, chumba hicho kimekuwa na kazi zaidi.

Sitaki kuwapamba. Zilikuwepo maabara za raia zilizotangaza sesiamu ambayo ilikuwa bismuthi, na zilizofungwa fedha za michango zilipoisha. Mashine ndogo iliyo mikononi mwa mtu mwenye hofu huzalisha hofu yenye desimali. Wanaodumu ni wale waliokubali kuirudia kazi mara ya pili pale namba ilipowapendeza, kama walivyoirudia ilipowatisha.

Kwetu Tanzania kazi ya kupima mionzi kwenye vyakula vinavyoingia na kutoka nchini hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC, na waagizaji wa bidhaa wanakijua cheti chake. Kwa hiyo mambo haya hayako mbali nasi kama yanavyoonekana. Ukikutana na karatasi ya kipimo, iwe ya unga wa maziwa au ya samaki wa kopo, tazama vitu vinne: bekereli ngapi kwa kilo, kikomo cha kutambua kilikuwa kipi, sampuli ilikaa ndani ya mashine muda gani, na ilikuwa mbichi au kavu. Kisipokuwepo kimoja, uliza. Mama wa Onahama walijifunza kuyajibu hayo bila digrii ya fizikia. Maofisa wetu wanayo digrii, na watayaweza.